Boksi la Sabufa Lenye Tundu Huanza na Hesabu ya Hewa

Anayetaka kuboresha besi ya gari lake kwa kawaida huanza kwa kuulizia amplifaya ya wati nyingi zaidi, ilhali swali linalostahili kutangulia ni boksi lina lita ngapi na limepangwa kuitikia masafa gani, yaani mitetemo mingapi kwa sekunde (hezi). Sabufa ileile, ikiendeshwa na amplifaya ileile, inaweza kutoa besi nzito iliyotulia au mngurumo ambao noti zake hazitofautiani, na tofauti hiyo yote ikawa imo kwenye mbao. Ili kupata desibeli 3 zaidi kwa nguvu ya umeme pekee, lazima wati ziongezwe maradufu. Tundu lililopigiwa hesabu vizuri linaweza kuleta ongezeko la kiasi hicho katika masafa lililopangiwa, bila waya wowote kuguswa.

Tundu hilo si la kupumulia tu. Hewa iliyomo ndani ya njia yake ina uzito, na hewa iliyofungwa ndani ya boksi hufanya kazi ya springi, hivyo zikiwa pamoja huwa na masafa yake ya asili, kama chupa inayolia ukiipuliza mdomoni. Mwanafizikia wa Ujerumani Hermann von Helmholtz alilichambua jambo hili katika karne ya 19. Mwaka 1961 Neville Thiele wa Australia alionyesha namna ya kulihesabia boksi kutokana na vipimo vya spika yenyewe, na Richard Small akaiendeleza kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vipimo vya Fs (masafa ya asili ya spika), Qts (jinsi mtetemo wake unavyodhibitiwa kwa jumla) na Vas (lita za hewa zenye ugumu sawa na wa springi ya spika) vinavyochapishwa kwenye karatasi ya kila sabufa nzuri vimetokana na kazi yao, na mtu asinunue sabufa isiyo na karatasi hiyo ikiwa anakusudia kuitengenezea boksi mwenyewe. Kipimo cha haraka ni kugawanya Fs kwa Qes (udhibiti wa mtetemo unaotokana na umeme pekee): jibu likikaribia 100, sabufa hiyo inafaa boksi lenye tundu; likiwa 50 au chini yake, ifungiwe kwenye boksi lisilo na tundu.

Hatua inayofuata ni kuchagua masafa ya boksi. Waya mnene wa gitaa la besi la nyuzi 4 hutoa takriban hezi 41, na muziki wa kompyuta hushuka chini ya hapo. Kwa gari la kusikilizia muziki wa kila aina ninapendelea hezi 32 hadi 35. Boksi lililopangwa kwenye 40 na kuendelea hupiga kelele kubwa katika ukanda mwembamba, lakini kila kilicho chini ya ukanda huo hupotea upesi, na masikio huchoka.

Tuchukue sabufa ya inchi 12 ambayo karatasi yake inataka lita 56 halisi, yaani hewa inayobaki baada ya kutoa nafasi ya kila kilichomo ndani, nasi tunataka hezi 34. Tuipe njia ya hewa yenye umbo la mwanya, upana sentimita 5 na kimo sentimita 36, yaani eneo la sentimita za mraba 180. Hesabu ya Helmholtz inadai urefu wa takriban sentimita 83. Lakini hewa iliyo nje kidogo ya kila mdomo nayo husukumwa pamoja na ile ya ndani, hivyo tunapunguza kama sentimita 11 na kubakiwa na 72. Sasa njia yenyewe imekula lita 13. Ubao wa milimita 18 unaoitenga na boksi umekula karibu lita 4.7, mwili wa sabufa tuuhesabie 3, na vipande vya kuimarishia kona lita 1. Jumla ya nafasi ya ndani inayohitajika inakaribia lita 78, ambazo hupatikana kwa sentimita 60 kwa 36 kwa 36. Kwa kuwa 72 ni ndefu kuliko kina cha boksi, njia itapita ubavuni kisha ikunje kona kufuata ukuta wa nyuma, na urefu wake upimwe katikati ya mwanya.

Hapa ndipo boksi nyingi huharibika: fundi hujenga lita 56 kwa vipimo vya ndani, kisha hutumbukiza kila kitu humo, na sabufa hubaki na lita zisizofika 40. Masafa hupanda, na besi ya chini haipo.

Kishawishi kingine ni kuifanya njia iwe nyembamba ili iwe fupi. Paipu moja ya kipenyo cha sentimita 10 ingetosha kwa urefu wa sentimita 29 hivi, na ingeokoa lita nyingi. Lakini hewa ingepita kwa kasi kubwa mno na kutoa mvumo unaosikika juu ya muziki. Ni heri kuchagua sabufa ndogo kuliko kubana njia ya hewa. Midomo yote miwili ya njia iviringishwe kingo, na mdomo wa ndani usikaribie ukuta kwa umbali ulio chini ya upana wa mwanya.

Kuhusu mbao, MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) au plaiwudi ya milimita 18 inatosha. Gundi ijae kila kiungo, kwa sababu upenyo mdogo hufuja kazi yote ya tundu.

Chini ya masafa ya boksi, hewa ya kwenye njia huacha kuizuia koni (uso wa spika unaosukuma hewa), na koni hutembea ovyo hadi koili kugonga nyuma. Kwa boksi letu, kichujio kinachozuia masafa ya chini kabisa kwenye amplifaya kiwekwe karibu na hezi 28 kabla sauti haijapandishwa.

Upimaji ni rahisi. Piga toni moja kwa sauti ya wastani, uishushe polepole kutoka hezi 45, huku ukiitazama koni na kuweka kiganja mdomoni mwa tundu. Ukifika kwenye masafa ya boksi, koni hukaribia kusimama ilhali hewa inasukuma kiganja kwa nguvu. Njia za mwanya zilizopakana na kuta za boksi mara nyingi hutua chini kuliko hesabu. Kama yetu imetua 32 badala ya 34, maana yake urefu unaofanya kazi ni karibu sentimita 94 badala ya 83, na takriban 11 zinapaswa kuondoka. Kwa hiyo sehemu ya mwisho ya ubao wa njia ifungwe kwa skrubu bila gundi hadi upimaji uishe, na ikatwe kidogo kidogo, kwa kuwa kila sentimita inayoondolewa huongeza pia lita za boksi na kuyavuta masafa chini tena.