Shombo

Juzi usiku binti yangu aliniuliza swali nikakosa jibu. Tulikuwa mezani, mama yake anapakua, nami nilipopokea sahani yangu nikafanya kile ninachofanya kila siku bila kujijua: nikaiinua hadi puani, nikainusa, ndipo nikaisogeza iwekwe wali. Akanitazama.

"Baba, kwa nini unanusa sahani tupu?"

Nikamwambia ni mazoea. Akataka kujua mazoea ya nani. Ya bibi yako, nikasema. Akaridhika, akaendelea kula. Mimi ndiye nilibaki nageuzageuza wali.

Ilikuwa Agosti 2018. Mama alikuwa amekuja na basi la alfajiri kutoka Mpwapwa kwa ajili ya kliniki ya macho. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kushoto likiwa limeshajifunga kabisa na la kulia linaona vivuli tu. Akapimwa, akapangiwa tarehe ya kurudi, tukatoka saa tisa alasiri naye hajatia kitu kinywani tangu uji wa usiku wa manane. Nikataka kumfanyia jambo. Nilikuwa nimehamia Dodoma na wizara mwaka mmoja kabla, mji ulikuwa umepandishwa hadhi kuwa jiji tangu Aprili 26, na nilikuwa na hamu kubwa ya kumwonyesha mama jiji langu, ingawa macho yenyewe ndiyo yale. Katika akili yangu ya wakati ule, jiji lilikuwa kuku wa kukaanga kwenye mgahawa wenye vigae.

Wanaokumbuka miaka ile wanajua jinsi migahawa ya chipsi ilivyoota. Tulihamia wengi kwa mara moja, hatuna wake zetu, hatuna majiko, na jioni kila kona ilikuwa na karai la mafuta, kabati la kioo lenye taa ndani, na kijana anayegonga mayai juu ya chipsi. Huu wa kwangu ulikuwa wa daraja la juu kidogo: vigae vyeupe, feni, picha kubwa ya baga ukutani, wahudumu wamevaa fulana za rangi moja. Wenzangu wa ofisini tulikuwa tukila pale mchana, mara tatu au nne kwa wiki.

Na nilikuwa nimeona mambo pale. Mkono uliopokea noti ndio uliochota chipsi. Kitambaa kimoja kilifuta meza zote tangu asubuhi hadi kufunga, na kila kilipopita meza ilibaki inanata. Tomato iliongezwa maji hadi ikawa inatiririka kwenye sahani. Mafuta ya karai yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Niliyaona yote nikayazoea, na nadhani Dodoma yenyewe ilinisaidia kuyazoea. Upepo wa Agosti unaleta vumbi jekundu mpaka ndani ya kabati la nguo. Unafuta meza, ukigeuka imeshabadilika rangi. Mtu akikaa hapa miezi michache anaanza kuita kila uchafu vumbi, na vumbi halina wa kulaumiwa.

Tulikaa. Nikaagiza kuku nusu, chipsi, kachumbari, na maji. Tulisubiri sana, zaidi ya nusu saa, na kila nilipomwita dada wa kuhudumia alinyoosha kidole kimoja bila kunitazama. Meza ya pili kutoka kwetu alikuwa amekaa mkuu wangu wa idara na wageni wake wawili. Nikampungia, akanipungia. Nikajinyoosha kwenye kiti.

Mwishowe zikaja sahani kwanza, tupu, bado zinachuruzika maji. Kuku alikuwa anakuja kwenye sinia. Mama akaipapasa sahani yake, akazungusha kidole ukingoni, akasita mahali fulani. Kisha akaiinua hadi puani.

"Hii ilikuwa na mayai," akasema. "Inanuka shombo."

"Mama, ni harufu ya jikoni tu."

Akanyoosha mkono, akachukua na ya kwangu. Akainusa. "Na hii pia." Akanusa glasi. Akazipanga zote tatu mbele yake taratibu, kama mtu anayejua hasa anachotaka kufanya, halafu akasimama. Nikadhani anataka choo. Kumbe anamwambia yule dada, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu, nishike mkono unipeleke mnakooshea vyombo."

Yule dada akanitazama mimi. Mimi nikatazama meza ya mkuu. Mama alikuwa ameshamshika mkono, wakaenda.

Nilipowafuata nyuma, nilikuta ua mdogo wa sementi, ndoo, beseni moja kubwa lenye maji ya rangi ya dengu yaliyozungukwa na utando wa mafuta, na mlima wa sahani. Juu ya dumu lililolazwa alikaa binti mmoja, sidhani kama alikuwa na miaka kumi na minane. Mama akamsalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", na yule binti akainuka ghafla, akafuta mikono kwenye kanga, akaitikia kwa Kigogo. Nilikuwa nimekula pale karibu mwaka mzima, na sikuwa nimewahi kujua kwamba nyuma ya ule mlango kuna mtu.

Mama hakumgombeza. Aliuliza tu, kama fundi anayeulizana na fundi mwenzake. Maji mnapata wapi? Bomba halijatoa tangu juzi, bibi, tunanunua kwa mkokoteni. Mangapi kwa siku? Madumu matatu. Kwa vyombo vyote? Kwa vyombo vyote. Mnaosha kwa maji ya moto au ya baridi?

"Ya moto, bibi, ili mafuta yatoke."

"Ndiyo maana," mama akasema. "Ya moto yanaliivisha yai kwenye sahani. Likishaiva halitoki, ndiyo shombo hiyo. Yai linataka baridi kwanza."

Kisha akauliza kama kuna majivu. Yalikuwepo, tena mengi, chini ya jiko la mishikaki. Na malimao yale watu wameshakamua, mnatupa wapi? Binti akaleta ndoo ya mabaki. Mama akakunja kanga katikati ya magoti, akachuchumaa. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, ametoka safarini, hajala. Akachukua sahani ya juu, akakwangua mabaki kwa ganda la limao, akanyunyiza majivu makavu, akasugua kwa kiganja.

"Majivu kwanza, pakiwa pakavu. Maji usiyaguse bado. Majivu yanakunywa mafuta, unayakung'uta. Ukiishaondoa mafuta, dumu moja linafanya kazi ya madumu mawili." Halafu maji ya baridi, kidogo, ya kupitisha tu. Halafu ya moto na sabuni. Halafu ya kusuuza, na haya yasirudiwe. "Na usifute kwa kitambaa. Ipange isimame, ijikaushe yenyewe." Akainusa. Akampa binti ainuse. Binti akanusa, akatikisa kichwa kukubali, akachukua sahani ya pili akaanza mwenyewe. Mama alikuwa anamsikiliza kwa masikio: "Hapo bado hujafika ukingoni."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Nyuma yangu nilisikia kiti cha meza ya mkuu kikisogea. Nikajua wananyoosha shingo. Nikasema, na sauti niliyosemea bado naisikia, "Mama, inatosha. Hapa si nyumbani. Watu wanatuangalia."

Hakugeuka.

"Wako wapi?" akasema. "Mimi siwaoni, baba."

Binti akaacha kusugua, akaniinulia macho. Hakunitazama kwa ubaya. Alinitazama kama anangoja kuona nitafanya nini. Mama akasema, "Endelea, mwanangu," nami nikasogea hatua moja mbele nikidhani ananiambia mimi. Alikuwa anamwambia yule binti.

Ndipo akaja meneja, kijana mwenye kalamu sikioni. Akaona mteja amechuchumaa kwenye beseni lake. Akanigeukia mimi niliyevaa kitambulisho shingoni. "Kuna tatizo, bosi?"

Ningeweza kumwambia. Mdomo ulikuwa na ya kusema: kwamba madumu matatu hayatoshi, kwamba kosa si la huyu binti, kwamba tunalipa fedha nzuri kula kwenye sahani za watu wa jana. Nilikuwa mtumishi wa serikali, nilijua kuna bwana afya, nilijua wanaohudumia chakula wanatakiwa kupimwa afya kila miezi sita. Badala yake nikasema:

"Hapana, hakuna tatizo. Ni mama tu."

Mama akageuza uso kuelekea sauti yangu. Zile mboni zilizofunga ukungu zikanikosa kidogo, zikatua begani kwangu. Hakusema neno. Akanawa, akainuka kwa kushika ukuta, akachukua sahani zetu mbili.

Kuku alikuwa ameshapoa. Mama alikula wote wa upande wake, akasifu kwamba amekaangwa vizuri, akatafuna mpaka mfupa. Mimi sikumbuki nilikula nini. Mkuu aliaga kwa mbali, na Jumatatu ofisini hakulitaja jambo hilo, wala siku nyingine yoyote.

Kuna kitu nilikikumbuka usiku ule nikiwa nimelala sebuleni, yeye chumbani. Kipindupindu kilipoanza Dar es Salaam Agosti 2015, kabla hakijasambaa kwenye mikoa mingi, mimi niliishi kule, na mama alikuwa akinipigia simu kila jioni. Hakuwa anauliza habari za kazi. "Leo umekula wapi?" Nikimtajia kwa mama lishe fulani, anauliza, "Maji yake ya kuoshea umeyaona?" Nilikuwa namdanganya kwamba nimeyaona. Miaka mitatu yote, katika miji miwili, sikuwahi kwenda nyuma kutazama. Yeye alikwenda siku ya kwanza, na haoni.

Alifanyiwa upasuaji Novemba, jicho la kulia, akaona. Alipokuja tena Dodoma mwezi wa pili aliomba turudi kwenye ule mgahawa. Nilifurahi, nikadhani ni kuku. Tulipofika akauliza, "Yule binti yupo?" Hakuwepo. Wahudumu wote walikuwa wapya, hakuna aliyemjua tunayemsema. Sahani nazo zilikuwa zimeondolewa. Sasa chakula kinaletwa kwenye maboksi ya kutupa. Mama alifunua la kwake, akalitazama kwa jicho lake jipya, kisha akalinusa hivyo hivyo.

Hili la yule binti halijaniacha. Wakati mwingine nawaza kwamba ningemweleza meneja ukweli, angeongeza maji. Wakati mwingine nawaza angemfukuza binti jioni ile ile, maana ndivyo mambo yanavyotatuliwa mara nyingi, anaondolewa aliye karibu na beseni. Au pengine alifukuzwa hata hivyo, kwa sababu mteja aliingia uani akaona. Sijui. Mama yeye hakuwaza meneja wala mimi. Alichuchumaa tu akafundisha. Lakini mama hakuwa na cha kupoteza mbele ya watu wale, na hata hilo nikilisema naona kama najitetea.

Siku hizi nikienda kula, nanusa. Sahani ikiwa na shombo naipeleka mwenyewe kaunta, nasema kwa upole, naomba nyingine. Wapo wanaoshukuru, wapo wanaonuna. Watu wa Dodoma Mjini tulihesabiwa 410,956 kwenye sensa ya 2012 na 765,179 mwaka 2022, na wote hawa wanakula mahali fulani, kwenye sahani zinazooshwa na mtu fulani kwa maji kiasi fulani. Nikifika kaunta natazama ule mlango wa nyuma. Mara nyingi naishia kuutazama.

Mama alifariki 2021. Lile la "ni mama tu" hatukulizungumza.

Jana asubuhi binti yangu akaja na swali jingine. "Baba, shombo ni nini?" Nikatafuta maneno nikashindwa, kwa sababu harufu huwezi kumsimulia mtu. Nikachukua sahani aliyolia mayai, nikamimina maji ya moto, nikaisuuza juu juu, nikampa. Akanusa, akarudisha kichwa nyuma kwa nguvu.

"Sasa itatokaje?"

Tuna jiko la gesi. Majivu hatuna. Nikamwambia avae viatu, tukaenda kuyaomba kwa mama anayechoma mahindi pale barabarani.