Siku niliyoacha kulainisha maneno

Risasi ililia saa kumi na mbili na robo jioni, jua likiwa limeshagusa vichwa vya miombo. Kundi la nyati likakurupuka, vumbi likapanda, na ndani ya vumbi lile dume moja likakunja mgongo kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo, kisha likatokomea kichakani na wenzake. Mgeni wetu, Mfaransa wa makamo, alishusha bunduki yake ya .375 akasema taratibu, "Nimekosa." Afande aliyesimama nyuma yangu naye akasema taratibu, "Kapiga."

Mimi nilisimama katikati yao, na kusimama katikati ndiyo kazi niliyolipwa kuifanya.

Nilikuwa mkalimani. Nimezaliwa Kigoma. Kifaransa nilikiokota Bujumbura nilipoishi kwa mjomba, nikaja kukifundisha sekondari miaka michache kabla rafiki hajaniunganisha na kampuni moja ya uwindaji wa kitalii yenye kitalu, yaani eneo lililotengwa la kuwindia, upande wa Rungwa. Porini waliniita Mwalimu na jina likaganda. Huo ulikuwa msimu wa 2016, wa kwanza kwangu, na kabla ya hapo nyati nilikuwa nimemwona kwenye noti tu.

Kwa asiyejua, gari la uwindaji lina mabwana wengi. Yupo mwindaji bingwa, ndivyo leseni yake inavyomwita, ambaye anaongoza msafara na kumlinda mgeni. Wetu alikuwa mzungu wa kusini, Kifaransa chake kikiishia kwenye salamu. Yupo mfuatiliaji nyayo, mzee wa Kikimbu aliyezaliwa kandokando ya pori lile, tuliyemwita Babu. Na yupo askari wa wanyamapori, ndiye afande wetu, aliyepo kwa niaba ya serikali. Yeye hawindi wala haongozi. Anaangalia, na anashika karatasi.

Karatasi hiyo ni kibali cha uwindaji. Kimeorodhesha wanyama ambao mgeni ameruhusiwa, na kila anayepigwa huandikwa: tarehe, aina, mahali, halafu saini. Jambo linalowaponza wageni wengi ni kwamba mnyama aliyejeruhiwa akapotea anahesabiwa kama aliyeuawa. Analipiwa, na nafasi yake kwenye kibali inafungwa. Ada ya nyati mmoja wakati ule ilizidi mshahara wangu wa miezi mitatu. Sasa pima mwenyewe uzito wa maneno mawili, "nimekosa" na "kapiga".

Giza lilikuwa linaingia. Mwindaji bingwa akakataa katakata kuingia kichakani. Nyati mwenye jeraha huzunguka akarudi kuvizia kando ya njia yake mwenyewe, na usiku yeye anakuona wewe humwoni. Tukageuza gari. Njiani hakuna aliyesema kitu isipokuwa mbung'o.

Makosa yangu yalianzia kwenye moto wa kambi.

Afande aliniita pembeni ya kiti cha mgeni, akasema, "Mwalimu, mwambie asinifanye mtoto. Risasi nimeisikia ikiingia, na nyati nimemwona akijikunja. Kesho namwandika." Nikamtazama mgeni, uso mwekundu kwa jua na kwa divai, nikaona nikiyapeleka maneno haya yalivyo patawaka. Nikasema kwa Kifaransa kwamba afande anaomba jambo hili tulimalize vizuri kesho. Nilijiona mtu mzima mwenye busara.

Mgeni akacheka kwa pua. Akajibu kwamba alijua tu, watu hawa wote ni njaa tupu. Afande akauliza, "Anasemaje?" Nikasema, "Anasema amechoka, afande. Kesho mtaongea."

Tukalala.

Asubuhi afande alikuja mezani na kibali na kalamu. Mgeni akaangalia kalamu, akanitazama mimi, akatoa pochi. Akahesabu noti kadhaa za dola na kuzisogeza chini ya kikombe cha chai upande wa afande, kwa adabu kabisa, kama mtu anayelipa deni. Mkono wa afande ulisimama hewani. Sijawahi kuona mtu mweusi akipauka, lakini siku ile niliona.

"Mwalimu," akasema, "huyu anafanya nini?"

Hapo ndipo nilipong'amua nilichokifanya. Nilisema "anaomba". Mgeni aliyetua nchini akiwa ameshasimuliwa na wenzake kwamba askari wa Afrika hununuliwa, akisikia kwamba afande anaomba jambo limalizwe vizuri, ataelewa nini? Alielewa ameombwa hela. Mimi ndiye niliyemtongoza yule bwana kwenye kosa la rushwa, na ndiye niliyemfanya afande aonekane ombaomba mbele ya wapishi. Wao wawili wangeweza kufikishana TAKUKURU na mkalimani akabaki msafi.

Nilifanya kitu ambacho mpaka leo nashangaa nilipata wapi ujasiri wa kukifanya. Niliomba wote wakae, na meneja wa kambi aitwe. Nikaanza na afande, kwa sababu ni mkubwa wangu na kwa sababu ndiye aliyedhalilishwa: "Shikamoo afande. Kosa ni langu. Jana sikumfikishia maneno yako. Nilimwambia unaomba." Kisha nikamgeukia mgeni nikamweleza hivyohivyo, na kwamba afande hakuomba chochote, wala hizo hela hakuzihitaji. Ziondoe, nikasema, kabla hajaamua kukukamata.

Akaziondoa upesi kuliko alivyozitoa.

Afande alinyamaza kwa muda mrefu. Mtu mwingine angetumia nafasi hiyo kumnyoosha mgeni, na sheria ingekuwa upande wake. Yeye akasema, "Haya. Tafsiri sasa. Usiongeze chumvi, usipunguze."

Tukaweka utaratibu pale pale mezani. Kila mmoja aseme sentensi mbili tatu kisha anipe nafasi. Mimi nitasema "mimi" kama yeye anavyosema "mimi", siyo "afande anasema kwamba". Tusi likitoka, nitalipeleka kama tusi. Niliwatangulizia hilo wote wawili, na ajabu ni kwamba baada ya kujua matusi yanafika, yalipungua yenyewe. Mgeni alipoanza kusema "huyu mwizi", aliniona navuta pumzi ya kutafsiri, akabadilisha neno.

Kumbe mgeni alikuwa na hoja, na usiku mimi nilikuwa nimeizika. Alisema kwao, bila damu au mzoga, hakuna anayeweza kukuambia umejeruhi. Nyati anaweza kujikunja kwa kushtuka. Afande naye alikuwa na hoja ambayo mgeni hakuwahi kuisikia: "Mimi sitaki hela yako iende serikalini bure. Nataka twende tukatafute damu. Isipokuwepo damu, siandiki." Kwa maneno hayo ugomvi ulihama mezani ukaenda porini.

Babu alitushusha mbali na pale, upepo ukitupiga usoni. Nilidhani tungetafuta dimbwi jekundu kama la machinjioni. Babu alitembea hatua kama sitini kutoka pale dume lilipojikunja, akachuchumaa, akachuma jani moja la nyasi na kuliweka kiganjani mwake. Kulikuwa na doa lisilozidi punje ya mtama. Akalisaga kwa kidole, akanusa, akampa mgeni anuse.

Mambo aliyotufundisha Babu asubuhi ile nimeyatafsiri mara nyingi tangu hapo. Damu ya mapafu ni nyepesi, ya waridi, ina povu, na ukiiona basi mnyama hayuko mbali. Damu ya msuli ni nyekundu safi na hukauka njiani, mnyama huyo anaweza kupona. Ile ya kwetu ilikuwa ya rangi ya kahawia, na ndani yake kulikuwa na vipande vya nyasi zilizotafunwa. "Tumbo," akasema Babu. Sikuhitaji kufungua mdomo. Mgeni alikuwa mwindaji tangu utotoni, na nyasi zilizotafunwa zina maana ileile Ufaransa.

Aliketi juu ya kichuguu akavua kofia. Nikamsikia akisema, kwa sauti ya chini na si kwangu, "Basi anateseka."

Tulifuata nyayo saa nne nzima. Damu ilikatika kwenye korongo la mchanga, ambako dume lile lilirudi kujichanganya na kundi, na nyayo zaidi ya mia zikafunika zake. Siku iliyofuata tulirudi tukatazama angani kama tai wanazunguka. Hawakuwepo. Nyati yule hatukumpata.

Afande akaandika. Mgeni akauliza kama anaweza kuandika maelezo yake. Nikatafsiri, na afande akasema hilo ni haki yake, akakata karatasi kutoka kwenye daftari lake mwenyewe. Mgeni aliandika mistari sita kwa Kifaransa: kwamba alipiga wakati mwanga ukiwa hafifu, aliamini amekosa, kisha aliona damu. Mimi nikaandika Kiswahili chake chini yake, tukatia saini wote, meneja akabaki na nakala. Hakutoa hata senti ya bakshishi kwangu alipoondoka, na sikumlaumu.

Nimefanya kazi hiyo misimu mitatu zaidi, na nilichobadilisha ni siku ya kwanza. Kabla bunduki haijatoka kwenye mfuko, nawaketisha mgeni, mwindaji bingwa na afande, tunasoma kibali kwa sauti, mnyama mmoja mmoja. Aliyejeruhiwa anahesabika. Kupiga ukiwa ndani ya gari au chini ya mita 200 kutoka kwenye gari ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, hata kama mahali ulipotoka mwaka jana uliachiwa. Chui ni dume tu. Afande anayasema mwenyewe kwa kinywa chake, mimi natafsiri, na mgeni anaulizwa kama ana swali. Wengine hukereka. Mmoja aliniambia hakusafiri kilomita zote hizo kuja kusikiliza mahubiri. Nikamtafsiria afande neno kwa neno, na afande akacheka mpaka mgeni naye akacheka.

Faida yake niliiona kwa simba. Kanuni zinataka dume awe ametimiza miaka 6, na umri wa simba hauandikwi usoni. Unasomwa kwa vitu vidogo: pua ambayo ujanani ni ya waridi kisha hupata madoa na kuwa nyeusi, manyoya yamejaa kiasi gani, meno. Mgeni mmoja, siku ya kumi na tisa ya kibali chake cha siku 21, alikuwa na dume zuri mbele ya darubini, na afande akatikisa kichwa. Pua ilikuwa bado changa. Siku zilizobaki zilikuwa mbili na mtu huyo alikuwa ameweka akiba miaka mingi. Alikasirika, akapiga teke tairi, akasema afande ni kipofu. Nikapeleka: "Wewe ni kipofu." Afande akamkabidhi darubini: "Basi nionyeshe weusi." Mgeni akatazama kwa muda mrefu, kisha akarudisha darubini bila neno.

Wapo watakaosema maafande hawa ni wakali mno. Mimi nakumbuka Julai 2014, Lazaro Nyalandu, Waziri wa Maliasili na Utalii wakati huo, alipofuta leseni ya kampuni moja baada ya picha za video kuonyesha wanyama wakifukuzwa kwa magari. Maafande niliowakuta mwaka 2016 walikuwa bado wanazizungumzia picha zile, na swali lao lilikuwa moja: mwenzetu aliyekuwa kwenye gari lile alikuwa wapi? Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini kalamu hawaiweki chini.

Msimu wangu wa mwisho nilikutana tena na afande yule wa nyati, kituo cha ukaguzi, akiwa amehamishiwa huko. Alikuwa na mgeni mwingine akigombana kwa Kifaransa kuhusu idadi ya risasi alizoingia nazo, na hakuwa na mkalimani. Akaniona nashuka kwenye gari.

"Mwalimu, njoo," akasema. "Huyu kanitukana, naona kwa macho yake. Nataka nijue kasema nini hasa."

Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akavuta kiti, akafungua daftari.

"Sawa. Sasa muulize, risasi ishirini nyingine ziko wapi?"