Siku yangu kituoni: mkanda wa jeshi haumngoji mtu

Saa 1:30 asubuhi. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya cha vijijini, mkoani Tanga. Wa kwanza ni mtoto wa miaka minne, tetekuwanga mwili mzima. Parasetamo, losheni ya kalamini, kucha zikatwe, aspirini asipewe kabisa. Wanaondoka.

Saa 3:00. Mzee anaingia ameinama, shati kalishika kwa vidole lisimguse ubavu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Naungua."

Malengelenge yametoka mgongoni kwa mstari hadi kifuani, yakakomea katikati. Mkanda wa jeshi, na juu yake amepakwa majivu. Leo siku ya sita. Nyumbani wamemwambia karogwa, na kwamba ncha za mkanda zikikutana atakufa.

Hapa nakaa, foleni na inisubiri. Namuuliza kama aliwahi kuugua tetekuwanga. "Utotoni, nyumba nzima tuliugua." Basi ni kirusi kile kile, baba. Hakikutoka mwilini. Kilijificha kwenye mizizi ya neva pembeni mwa uti wa mgongo miaka yote hii, na kinga inapopungua kwa uzee au maradhi kinaamka, kinafuata neva moja hadi kwenye ngozi. Neva ya kulia haivuki kwenda kushoto, ndiyo maana mkanda umeishia hapo. Hakuna aliyekufunga.

Kinachoniuma ni zile siku sita. Asiklovia, dawa ya kupambana na kirusi hiki, miligramu 800 mara tano kwa siku, inafaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke. Malengelenge mapya bado yanachomoza, kwa hiyo namwanzishia, pamoja na amitriptilini ya usiku, maana maumivu ya neva huweza kubaki miezi hata ngozi ikishapona.

Saa 5:20. Dada wa miaka 26, mkanda upande mmoja wa paji la uso, kipele kimoja kwenye ncha ya pua. Hicho kimoja ndicho kinachonitisha: ncha ya pua na jicho vinatumia tawi moja la neva, na jicho linaweza kupofuka. Nampa dozi ya kwanza hapo hapo na rufaa ya macho ya leo, si kesho. Nazungumza naye pia kuhusu kipimo cha VVU, kama ninavyofanya kwa kila kijana mwenye mkanda. Anakubali. Majibu ni yake.

Saa 8:00. Wawili "homa imewatokea mdomoni". Kirusi hicho ni ndugu wa huyu wa mkanda, ila vidonda vyake vitakauka vyenyewe. Nawasihi wasibusu watoto wachanga.

Saa 9:30. Natoka, namkuta mzee bado anangoja bodaboda, mjukuu wa miezi mitano mapajani. Namweleza: maji ya malengelenge yakimgusa mtoto, anaweza kupata tetekuwanga. Vidonda vikikauka vyote, ambebe atakavyo.

Anamwinua taratibu, anampa bibi yake, kisha anasogea mwisho wa benchi.