Ile 38 ya wino mwekundu

Leo nimeshinda nikisahihisha insha kwa mara ya pili, baada ya mwenzangu kumaliza zamu yake.

Moja ilikuwa na 38 pale pembeni, kwa wino mwekundu. Nikaisoma, nikampa 41. Roho yangu safi kabisa.

Lakini aya ya mwisho ya yule mtoto ikawa hainitoki kichwani.
Nikarudi mwanzo, safari hii ile namba nimeifunika kwa kidole gumba.

Nikapata 57.

Insha ileile. Macho yaleyale.

Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman waliandika kuhusu jambo hili: namba unayoiona kwanza huvuta makadirio yako upande wake. Watu walizungushiwa gurudumu la namba, kisha wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Walioona gurudumu likisimama kwenye 10 walikisia 25 kwa wastani wa kati. Walioona 65 walikisia 45. Gurudumu tu, jamani!

Haya nilikuwa nayajua. Hayakunizuia.

Sasa nawaza karatasi zote za nyuma ambazo sikufunika kitu.

Walimu wenzangu, nyinyi mnafanyaje? Alama ya kwanza mnaificha?