Siku niliyoifunga Barabara ya Uhuru

Januari ni mwezi wa mafundi cherehani. Desemba watu wamekula sikukuu, wamesafiri makwao, wamerudi mifuko mitupu, halafu shule zinafunguliwa na watoto wamerefuka. Hapo ndipo wazazi wote wa Dar es Salaam wanapokumbuka kwa mpigo mmoja kwamba kuna kitu kinaitwa sare. Mwaka 2013 nilikuwa nashona Ilala Bungoni, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, na mama aliyetuajiri alikuwa amechukua oda ya duka moja la Kariakoo: mashati meupe, kaptula na sketi za bluu. Tunashona mpaka usiku mwingi, alfajiri tunapiga pasi, na mpelekaji ni mimi.

Nilikuwa napeleka kwa baiskeli. Watu walinishangaa, ila mahesabu yake yalikuwa mepesi. Asubuhi konda wa daladala hataki hata kumwona mtu mwenye kiroba. Akikukubali, kiroba nacho kinalipa nauli, na humo ndani mashati uliyoyapiga pasi yanakaliwa. Bodaboda ilikuwa inakula faida. Baiskeli haidai kitu zaidi ya upepo, na oili kidogo kwenye mnyororo. Yangu ilikuwa ya mtumba kutoka Japani, zile zenye kikapu mbele na fremu iliyoinama katikati, na kwenye madigadi ya nyuma ilikuwa na kibandiko cha maandishi ya Kijapani ambacho hakuna aliyewahi kukisoma. Mzigo nilikuwa naufunga nyuma kwa mpira wa tyubu iliyochanwa, nakaza mpaka hautikisiki.

Mimi ni wa Tanga, nimekulia Makorora. Kwetu mwanamke kupanda baiskeli si habari. Mama anakwenda sokoni Mgandini na baiskeli, mwalimu anakwenda kufundisha, binti anampakia mdogo wake nyuma. Baibui unalikusanya upande mmoja, unalibana na kibanio cha kuanikia nguo lisiingie kwenye spoki, unaondoka. Mji ni tambarare, magari si mengi, na mitaa ya Ngamiani imenyooka mpaka imepewa namba badala ya majina. Lakini nadhani siri yenyewe iko kwingine. Dereva wa Tanga naye jioni anarudi kwake kwa baiskeli, au mkewe anayo. Anajua baiskeli inayumba wapi. Dereva wa Dar akiona baiskeli anamwona muuza mkaa, mtu wa mikate, mtu wa samaki anayetoka Feri, yaani mtu ambaye mambo yake bado hayajakaa sawa, na mtu wa namna hiyo anatakiwa kupisha.

Apishe kwenda wapi, sasa? Barabara ya Uhuru ya wakati ule, kutoka Malapa kuja Amana mpaka Ilala Boma, ilikuwa imeliwa kandokando. Lami inaishia ghafla, inakuacha kwenye mchanga kiasi cha kiganja kushuka chini. Baada ya mchanga kuna mtaro usio na mifuniko. Palipo na mfuniko, juu yake kuna mtu ametandika viatu vya mtumba. Penye nafasi iliyobaki wamesimama bodaboda wanasubiri abiria. Kwa hiyo mwendesha baiskeli unabaki na ule ukanda mwembamba wa lami ya mwisho, na ukanda huohuo ndio daladala zinautaka kila zinapotaka kushusha.

Daladala ikikupita usifurahi kwamba imepita. Ndiyo kwanza inajiandaa kukukatia. Nilikuwa nimeshajifunza kumsikiliza konda: akigonga bodi mara moja twende, akigonga harakaharaka ujue kuna mtu wa kushuka, funga breki mapema. Asubuhi ile konda hakugonga. Nilipita Amana vizuri, nakaribia kituo cha Boma, Coaster moja ya Kariakoo ikanipita imejaa mpaka mlangoni, na kabla mkia wake haujanimaliza ikaingia kushoto. Kituo kilikuwa mbele, lakini kimezibwa na daladala nyingine iliyokuwa inapakia, basi dereva akaamua kushusha palepale njiani. Ubavu wa gari ukanisogelea taratibu kabisa. Hilo ndilo ninalolikumbuka, ule utaratibu. Nilipiga kengele. Kengele ya baiskeli mbele ya Coaster! Nikapiga bodi kwa kiganja, nikapiga kelele. Nikawa sambamba na mlango wa mbele, usukani wangu ukanasa kwenye saitimira, kioo kikapasuka, na mimi na sare za watu tukaelekea mtaroni.

Mtaro haukunimeza wote. Mguu mmoja uliingia, goti likachunika kwenye zege, na kiroba kikakatika mpira. Maji ya mitaro ya Ilala kila mtu anayajua rangi yake. Mashati ya juu yakamwagika humo, meupe, yamekunjwa vizuri, kola juu, jinsi nilivyoyapanga alfajiri.

Watu wa Dar tuwasifu kwa hili: ukianguka, pole zinakufikia kabla hujagusa chini. "Pole dada, pole sana." Kijana wa viatu aliacha biashara yake akaanza kuokota mashati na kuyakung'uta. Dereva naye akashuka. Akapita mbele yangu nikiwa bado nimekaa chini, akaenda moja kwa moja kwenye kioo chake. Akakigusa, akaokota vipande viwili, akavitazama. Ndipo akanigeukia.

"Saitimira hii nani atailipa?"

Nilikuwa bado natafuta kiatu.

"Mnaendesha katikati ya barabara halafu mnalialia," akaongeza konda. "Baiskeli kaendeshee kwenu Tanga!"

Alijuaje kwamba ni wa Tanga, hilo halihitaji uchawi. Mwanamke, baibui, baiskeli: Dar nzima ingekupa jibu hilohilo. Lakini hasira yangu haikutoka hapo, na wala haikutoka kwenye goti. Ilinipanda pale dereva alipopanda garini, akawasha, akitaka aende zake. Sikuwaza. Niliikokota baiskeli mpaka mbele ya bampa, nikaiweka kwa ubavu, nikashusha stendi. Baiskeli hizi za Kijapani zina kufuli la duara lililofungwa moja kwa moja kwenye fremu, linakumbatia gurudumu la nyuma. Unasukuma kidude, chuma kinapita katikati ya spoki, kinasema *kwacha*, unachomoa ufunguo. Nikachomoa. Nikautumbukiza kifuani.

"Sasa ondoka," nikamwambia.

Ndani ya dakika chache honi zilikuwa zimefika Amana. Barabara ile ilikuwa nyembamba, gari zinazotoka Kariakoo zinakuja upande wa pili, hakuna wa kulipita Coaster bila kuombana. Abiria wakaanza, wengine kwa konda: "Rudisha nauli, tunatembea!" Wengine kwangu: "Wewe dada, watu tunachelewa kazini kwa ajili ya mashati?" Mzee mmoja mwenye kofia alishuka akanijia kwa upole. "Binti yangu, samehe. Mungu atakulipa." Nikamjibu, "Shikamoo mzee. Duka la Kariakoo halitamsubiri Mungu, linafungua saa mbili." Mama mwenye kapu alitoa kichwa dirishani akapiga kelele: "Asisamehe! Juzi mmeniburuza mguu mmoja ukiwa bado chini!" Na hapo gari zima likagawanyika pande mbili, wakaanza kugombana wao kwa wao, mimi nikapata muda wa kufunga goti na kitambaa.

Konda na mpiga debe mmoja walitaka kuinyanyua baiskeli waitupe kando. Walioizuia, sikutegemea, ni bodaboda. "Msiguse chombo cha dada." Nilishangaa kwa sababu bodaboda nao hawakuwa malaika kwangu, wao ndio waliokuwa wamejaa pale ambapo ningeweza kupita. Ila walikuwa na visa vyao na daladala, na asubuhi ile mimi nilikuwa wakili wao.

Trafiki alikuja kwa miguu kutoka upande wa Karume, mtu mzima, hana haraka. Akatazama baiskeli, akatazama kufuli, akajizuia kucheka, nilimwona. Dereva akaanza yeye. Afande, huyu mwanamke yuko katikati ya barabara, hakai pembeni, kioo kimevunjika, gari si langu, tajiri anataka hesabu yake.

"Afande," nikasema, "anionyeshe hiyo pembeni."

Sikusema zaidi. Trafiki akatembea mpaka ukingoni. Akasimama pale lami inapoishia, akatazama chini, akatazama mtaro, akatazama viatu vilivyotandikwa na pikipiki zilizopangwa. Kijana wa viatu akaanza kuvisogeza, akidhani amefuatwa yeye. Trafiki akarudi.

"Dereva, kituo ni pale au hapa?"

"Pale kumeziba, afande."

"Kwa hiyo umeshusha juu ya mtu."

Kisha akasema jambo ambalo nililifurahia kuliko fedha, kwamba baiskeli nayo ni chombo, ina haki ya kutumia barabara. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, ina umri mkubwa kuliko mimi, na ndiyo kwanza nilikuwa nasikia mtu aliyevaa sare akilitamka hilo mbele ya dereva. Baada ya hapo akanigeukia mimi: "Na wewe, fungua hilo kufuli kabla sijakuandikia kuzuia barabara."

Tukaelewana haraka, maana kila mtu alikuwa na saa yake. Dereva alitulia, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anatakiwa amalize safari zake kabla ya saa nne, baada ya hapo abiria hakuna, na hesabu ya tajiri haijali kama kulikuwa na foleni. Nilimwelewa vizuri kuliko nilivyotaka. Na mimi bosi wangu alikuwa na hesabu yake. Kwa kioo, kila mtu abebe mzigo wake. Kwa mashati, konda alichomoa noti zilizokunjwa kwa urefu katikati ya vidole vyake, akahesabu elfu tano, akazinyoosha kwenye paja, akanipa bila kunitazama.

Sasa fungua. Nikatia mkono kifuani, ufunguo hakuna. Ulikuwa umeshuka. Nilikuwa nimevaa gauni, na juu yake baibui, na ufunguo wenyewe mdogo, umeteleza mpaka kiunoni na kujificha kwenye mkunjo. Yule mama wa kapu ndiye aliyetambua. Akashuka, akaita wenzake wawili, wakavua khanga zao wakazinyoosha kunizunguka, katikati ya Barabara ya Uhuru, saa moja na nusu asubuhi, huku trafiki amegeuka anatazama Karume kana kwamba kuna jambo muhimu kule. Honi zikanyamaza kidogo, nadhani kwa heshima. Kisha mtu mmoja ndani ya Coaster akacheka, na gari zima likafuata. Ufunguo ukadondokea kwenye lami. Mama mmoja akaudaka kwa kandambili usiingie mtaroni.

Yaliyobaki ni ya kawaida. Yale masafi niliyafikisha Kariakoo nimechelewa, nikasemwa. Yaliyochafuka tuliyaloweka na Jiki, tukayapiga pasi upya, yakaenda kesho yake. Goti lina alama mpaka leo.

Niliendelea na baiskeli. Mwaka 2016, mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwezi Mei kwenye Barabara ya Morogoro, nilikwenda kwa hamu kuzijaribu njia za kando walizojenga kwa ajili ya waenda kwa miguu na baiskeli, kutoka Kimara kwenda mjini. Vipande vingine ni vizuri kabisa, unapiga pedeli mpaka unasahau uko Dar. Halafu unakutana na mama ntilie ameweka mabenchi, au pikipiki inayokuja mbele yako ikikupigia honi wewe umpishe. UWABA, chama cha wapanda baiskeli wa Dar es Salaam, kimekuwa kikidai njia za baiskeli katika jiji hili, nami nawaunga mkono. Ila njia bila wa kuilinda inageuka soko kabla rangi haijakauka.

Yule dereva nilikuja kuonana naye tena, mvua za masika za mwaka uleule wa sare. Tulisimamishwa pamoja na taa za Karume, mimi kwenye ukanda wangu wa mwisho, yeye juu, saitimira mpya ameifunga na waya. Taa ikawaka kijani. Hakuondoa gari. Akatoa kichwa.

"Dada wa Tanga, kufuli bado linafanya kazi?"

"Linafanya, kaka."

"Basi tangulia wewe."