Kulwa na Doto mbele ya mapacha wa Bethnal Green

Kulwa ndiye aliyeliona bango. Ilikuwa Septemba 2015, wiki yake ya pili London, na mimi nilikuwa na mwaka wa tatu nikisafisha ofisi usiku na kusoma mchana. Kwenye bango mapacha wawili ndani ya suti, na nyota zimepangwa juu yao.

"Doto, ya mapacha hii. Ya kwetu."

Nyota zile zilituponza. Gazeti moja lilikuwa limeipa filamu hiyo, Legend, nyota mbili tu, na waliotengeneza bango wakazichomeka katikati ya vile vichwa viwili, anayepita adhani nyingine zimejificha nyuma ya visogo. Hayo nilikuja kuyasoma baadaye. Ujanja wenyewe ulistahili nyota ya tatu.

Siku yangu ya mapumziko tukaenda ukumbi wa sinema wa Genesis, barabara ya Mile End, mitaa ileile ya kisa chenyewe. Mapacha wenyewe, majambazi Reggie na Ronnie Kray, walizaliwa 1933, Reggie akimtangulia mwenzake kwa dakika 10. Miaka ya 1960 London Mashariki ilikuwa mikononi mwao, kwa vilabu vya usiku, vitisho na damu, hadi 1969 walipofungwa maisha. Kisa kama hicho ungesema hakiharibiki. Mwanzoni mpelelezi amekaa garini akiwavizia, na Reggie mwenyewe anampelekea chai. Tukacheka, tukajua leo patachimbika. Hapakuchimbika. Mpelelezi akasahaulika kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni kisha wenyeji wakaenda kulala. Halafu kuna sauti ya Frances, mke wa Reggie, inayosimulia tangu mwanzo hadi mwisho, hata yale tunayoyaona kwa macho yetu.

"Huyu dada naye," Kulwa akanong'ona, "bora wale wa vibanda vya video vya Mwanza. Wanatafsiri filamu, lakini angalau wanachekesha."

Ningeshasinzia, maana usiku uliotangulia nilikuwa kazini. Ila Tom Hardy alicheza mapacha wote wawili. Steringi ni yeye, adui ni yeye. Ronnie miwani usoni, taya limesukumwa mbele, maneno yanatoka mazito kama yanavutwa kisimani. Reggie mwepesi, mcheshi, sigara mkononi. Hayo mwigizaji yeyote hodari angeyaweza. Kilichoniamsha ni namna Reggie alivyomtazama ndugu yake kabla ya kumjibu, akimpima leo kaamkaje. Mtazamo huo naujua. Kulwa akiingia ndani, nasikia tu anavyovua viatu, najua nizungumze au ninyamaze. Hardy hana pacha, lakini mle kwenye skrini alikuwa naye, na nikamwamini.

Wakafika pahala pa kupigana wenyewe kwa wenyewe, ndani ya klabu yao. Watu ukumbini walicheka, maana ilikuwa vurugu ya kuchekesha. Sisi hatukucheka. Tulipokuwa na miaka 14 tulipigana hivyo uani kwetu kwa ajili ya baiskeli, na baba akakaa kibarazani asituamue, akasema mapacha huamuliwa na uchovu. Karibu na mwisho Reggie anamchoma kisu Jack McVitie, mtu wao wenyewe. Ronnie anamuuliza kwa nini. Jibu lake ni kwamba hawezi kumuua yeye Ronnie, hata akitamani vipi. Kulwa alinishika kiwiko na hakuniachia hadi taa zilipowashwa.

Nje manyunyu yalikuwa yameanza. Nikamwonyesha Blind Beggar, ile baa ya Whitechapel ambamo Ronnie alimpiga George Cornell risasi Machi 1966. Baa ya kawaida tu, watu wanakunywa bia zao. Tukasimama kituoni kusubiri basi la 25.

"Mimi ni yupi?" Kulwa akauliza.

"Reggie. Wewe ndiye ulitangulia."

Akanitazama kwa muda, manyunyu yakimtiririka usoni.

"Basi vua hiyo miwani, Doto. Unanitisha."