Kiazi cha Mwakani

"Baba, haya kwetu yapo?"

Jumamosi hiyo tulikuwa kwa muuza maua wa barabarani, na mwanangu alikuwa anaonyesha okidi iliyofungwa utepe. Nikamwambia yapo, tena ya kila rangi. Uwanda wa Kitulo, kusini mwa Tanzania, una zaidi ya aina 40, wenyeji wanauita Bustani ya Mungu, na tangu 2005 ni hifadhi ya taifa kwa ajili ya maua hayo hasa. Baada ya hapo sikusema tena mpaka tunafika nyumbani.

Nilikuwa na miaka 11. Wanunuzi wa chikanda, yaani viazi vya okidi, walipita vijijini, mzigo ukaenda Tunduma na kuvuka mpaka kwenda Zambia, wanakokisaga na kukipika na karanga. Mimi nilitaka viatu vya shule. Maua sikuyatazama, nilitafuta majani, nikaona, nikafukua.

Bibi akanikuta ukingoni mwa shamba, ndoo imefika nusu. Nikajua leo fimbo. Hakusema kitu. Alichuchumaa kwenye mmea wenye maua ya waridi, madogo madogo, yamebanana kwenye bua kama punje kwenye gunzi, kila ua na vijimkia viwili nyuma. Akachimba kwa vidole, taratibu, mpaka viazi vikaonekana. Vilikuwa viwili. Kimoja kimesinyaa, kinabonyea. Kingine kigumu, kimejaa.

"Hiki kilichonywea ndicho kilicholisha maua haya," akasema. "Hiki kingine ni cha mwakani. Wewe mjukuu wangu unachukua kipi?"

Nikatazama ndoo. Vyote vilikuwa vigumu.

Akaufukia mmea, akashindilia udongo kwa kiganja, akajipangusa kwenye kanga. Tukarudi nyumbani kwa njia ndefu. Kila ua tulilolipita alilitaja kwa Kikinga, nami nikaitikia jina lake, mpaka giza likaingia. Siku ile ndipo nilipoanza kuiona ardhi ya kwetu, ingawa nilizaliwa juu yake.

Ndoo ile niliiuza. Viatu nilivivaa hadi vikatoboka. Bibi hakuniuliza, na sasa hayupo wa kumwambia.

Januari, Mungu akipenda, nitampandisha mwanangu kona za barabara ya Hamsini na Saba hadi Kitulo akayaone yakiwa yamechanua. Majina ya Kikinga yamenibaki manne. La yale ya waridi halimo.